Skrini ya 4K iligoma kutoa Hz 60 baada ya apdeti, waya hauna kosa

Jumatatu asubuhi nawasha kompyuta yangu ya Linux, mshale wa mausi unaburuzika, nikiskroli ramani kwenye QGIS inakatakata, nafungua mipangilio ya skrini nakuta 3840x2160 ipo ila Hz 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, ile 60 niliyoitumia mwaka mzima haipo kabisa kwenye orodha. Kazi yangu ni kuchora ramani, nakaa na hii skrini kutwa nzima na kwenye Hz 30 macho yanauma hata mchana haujafika, kwa hiyo kuvumilia haikuwezekana.

Kila niliyemuuliza akasema waya huo umekufa, kanunue HDMI mpya. Walikuwa na hoja, maana 4K ya Hz 60 inataka spidi ya MHz 594 kwenye waya, Hz 30 inataka nusu yake tu, 297, kwa hiyo waya uliochoka huanza kushindwa kwenye ile kubwa. Lakini Jumapili usiku nilikuwa nimepiga apdeti na keneli mpya, yaani kiini cha Linux, ilikuwemo. Kabla sijatoa hela nikarestati, nikaingia menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wakati kompyuta inawaka, nikachagua keneli ya zamani, Hz 60 ikarudi palepale. Waya uleule, monita ileile, tundu lilelile! Ndo maana nawaomba sana msifute keneli ya zamani ili kupata nafasi kwenye diski, bila ile ningenunua waya na tatizo lingebaki.

Nikarudi kwenye keneli mpya nichimbe. Nikasoma EDID, yaani ule utambulisho ambao monita inaipa kompyuta, kwa edid-decode, monita inasema yenyewe kabisa kwamba inapokea mpaka MHz 600. Nikajaribu kuilazimisha kwa xrandr, amri ya kupanga skrini, nikatengeneza modi (ukubwa wa picha na Hz zake) mwenyewe, jibu likawa "Configure crtc 0 failed". Draiva, ile programu ndani ya keneli inayoendesha kadi ya picha, ndo inakataa.

Hapo ikabaki git bisect, zana ya kutafuta ni badiliko gani la kodi limeleta tatizo. Kati ya keneli iliyo sawa na ile mbovu kulikuwa na komiti (mabadiliko ya kodi) 60 na ushee zinazogusa drivers/gpu/drm, folda ya draiva za picha, na kwa sababu bisect inakata katikati kila mara, ni raundi 6 tu za kujenga keneli, kurestati, kuangalia, kusema good au bad. Kwenye laptopu ya kawaida fanya make localmodconfig kwanza, inachukua moduli (vipande vya keneli) unazotumia wewe tu, ila hakikisha vifaa vyako vyote vimechomekwa kabla, mi raundi ya kwanza nilipoteza Wi-Fi kwa sababu adapta ilikuwa mezani.

Komiti iliyobaki ilikuwa inagusa hesabu ya rangi, na hapo kila kitu kikaeleweka. Rangi ya biti 10 inaongeza robo juu ya ile ya biti 8, kwa hiyo 594 inakuwa 742.5, imeshavuka 600 ya monita. Zamani draiva ikiona hivyo ilishuka biti 8 ikaendelea na kazi, sasa hivi inaitupa modi nzima. Hz 30 inapona kwa sababu hata ikiongezewa robo ni 371 tu. Nikaweka kikomo cha biti za rangi, max bpc, kiwe 8:

xrandr --output HDMI-1 --set "max bpc" 8

Hz 60 ikatokea kwenye keneli mpya. Nilifurahi mno, siku tatu zile nilishaanza kuhesabu bei ya monita.

Nimewaandikia watunzaji wa draiva, nikaweka namba ya komiti, EDID na dmesg (kumbukumbu za keneli) ya keneli zote mbili, kesho yake tu nikatumiwa pachi, yaani marekebisho ya kodi, ya kujaribu. Nimeijenga jana, 60 ipo bila kugusa max bpc, nimewajibu kwamba inafanya kazi. Kwa sasa nimeweka apt-mark hold kwenye keneli, isibadilishwe na apdeti, mpaka pachi ifike kwenye apdeti za kawaida.