Upumbavu Wenye Umbo la Nanasi

Karatasi zangu zilirudi mezani na maduara mawili ya wino mwekundu. Ndani ya la kwanza: "Katika bustani hiyo upo upumbavu uliojengwa mwaka 1761, wenye umbo la nanasi."

Mhariri wetu, mzee asiyekaripia mtu bali huuliza tu, alisimama pembeni. "Mwanangu, upumbavu huu ulijengwa kwa mawe au kwa matofali?"

Kilikuwa kijitabu cha watalii kuhusu Dunmore, Uskoti, nilichokuwa nikikitafsiri kutoka Kiingereza, na neno lililonitega ni folly. Kamusi ilisema upumbavu, nami nikaandika upumbavu nikaenda kunywa chai.

Mzee akavuta kiti. Tazama kwanza kama neno lina a mbele yake, akasema. Folly tupu ni hali ya kukosa busara. Ikiwa na a, au ikiwa wingi, follies, imekuwa kitu cha kuhesabika: ama tendo moja lisilo na busara, ama jengo la pambo ambalo watu waliona ni fedha iliyotupwa. Hayo mawili hutenganishwa na kitenzi. Tendo hufanywa, jengo husimama na kutembelewa. Likitanguliwa na jina la mtu, hapo ni dhihaka. Marekani iliponunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, wabishi waliuita ununuzi huo Seward's Folly, Seward akiwa ndiye waziri wa mambo ya nje.

Nikamuuliza kwa nini isiwe ujinga. Mjinga hajui, akanijibu, akifundishwa atajua. Folly ni ya mtu mwenye akili zake anayejua na bado anafanya, ndiyo maana Waingereza huwapachika wafalme na mawaziri, si watoto. Tena ni neno la magazetini na hotubani, barabarani hulisikii.

Nilisoma upya habari za nanasi lenyewe, maana mara ya kwanza nilizipitia juu juu. Ni la mawe, urefu wake kama meta 14. Kila jani la jiwe lina njia yake ya kutolea maji, kwa sababu maji yakituama hapo yakaganda, jiwe hupasuka. Kuta za bustani zilipitishiwa hewa ya moto ili mananasi ya kweli yaote kwenye baridi ile, na mabomba ya moshi yakafichwa ndani ya mitungi ya mawe. Kwa kweli sioni upumbavu uko wapi. Tukaandika "jengo la pambo lenye umbo la nanasi".

Duara la pili lilikuwa ukurasa wa mwisho. Kiingereza kilisema it would be folly kwenda huko majira ya baridi bila buti, nami nikaandika "ni upumbavu kuja bila buti". Kwa Kiingereza huo ni ushauri mzito kidogo. Kwa Kiswahili nilikuwa nimemtukana mgeni kabla hajakata tiketi. Mzee aliyafuta yote, akaandika kwa mkono wake: "Majira ya baridi, usikose buti."