Kidonda sugu na kadi ya CHF

Wenye kidonda cha mguu hapa Tabora, hasa wenye kisukari: kama una kadi ya CHF iliyoboreshwa (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii), itumie kwa kusafisha na kufunga kidonda, usingoje homa. Anayelipa kila akienda huruka siku, na kidonda hakisamehi siku zilizorukwa. Anzia zahanati, rufaa ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, itatoka hapo.

Cha kusafishia ni maji ya chumvi. Chemsha lita 1, tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huchoma nyama changa inayoota, acheni. Gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) ikigandia usiivute, ilowanishe kwanza. Ukiivuta inatoka na ngozi mpya, unaanza upya.

Asali yetu ni nzuri kwenye chai. Ya kidonda huuliwa vimelea kwa mionzi. Ya kwenye chupa ya sokoni haijapitia hayo.

Kila wiki pima urefu na upana kwa rula, andika kwenye daftari. Wiki 4 eneo (urefu mara upana) halijapungua nusu, dai rufaa. Wekundu ukivuka sentimita 2 kutoka ukingoni, au mfupa ukigusika, nenda leo leo.

Na bandeji ya kubana isifungwe kabla mapigo ya damu ya unyayo hayajapimwa. Damu isipofika vizuri, kubana kunaua vidole.

Kidonda cha chini ya unyayo? Usikikanyagie, hata kwenda msalani tumia magongo.