Siku moja maishani mwangu: napima pumzi za wachezaji Malindi

Saa 11 alfajiri chai na mahamri, kisha boda hadi uwanjani na futi, koni, filimbi na saa. Wengi wakiniona wanadhani kazi yangu ni kushika saa tu. Hapana. Natafuta kasi ambayo mchezaji anaweza kuishikilia kwa muda mrefu, na akiba aliyonayo akiivuka kasi hiyo.

Uwanja wetu hauna mistari ya riadha, kwa hiyo napima mwenyewe mzunguko wa mita 400. Futi ikilegea, kosa linajirudia kila duru.

Saa 12:30 wamekwisha kupasha misuli. Wanaanza na mita 3,600 kwa nguvu zote, wapumzike nusu saa, kisha mita 1,200. Muda wa mbio hizo mbili ndio unaonipa kasi na akiba. Hesabu za namna hii zina miaka: watafiti Monod na Scherrer wa Ufaransa walizichapisha mwaka 1965, wakipima uchovu wa misuli.

Mbio ya kwanza ilikwenda vizuri. Kwenye mapumziko ndipo meneja wa timu aliponijia.

“Mwalimu, mbona wamekaa? Si wakimbie tumalize, jua linapanda!”

“Mzee wangu, wakikimbia na uchovu hesabu itasema uongo.”

Akaondoka, akarudi. Mara anataka aliyechelewa aingie mbio ya pili moja kwa moja. Mara anawanong’oneza vijana wakimbie polepole wasiumie kabla ya mechi. Nikamkalisha kivulini, nikamwonyesha kwa winga wake. Mita 3,600 alizimaliza kwa sekunde 800. Akikimbia 1,200 kwa sekunde 240, tofauti ni mita 2,400 kwa sekunde 560: kasi yake ni mita 4.29 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sekunde 240 zingempa mita 1,029 tu; zilizozidi hadi 1,200, mita 171 hivi, ndizo akiba. Mchokeshe atumie sekunde 260, kasi inapanda hadi 4.44 na akiba inaporomoka hadi mita 44. Yaani uchovu unamfanya aonekane ana kasi kubwa kuliko aliyo nayo! Kocha akimfanyisha mazoezi kwa namba hiyo, atamvunja kijana wa watu.

Akatazama karatasi kitambo. “Haya, wapumzike.”

Winga akakimbia kwa sekunde 240 kamili, akaanguka nyasini, mate yamemkauka mdomoni. Nilijivunia yule kijana.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Jua, jasho, kukusanya koni, adhuhuri, usingizi kidogo, hesabu mpaka macho yanauma. Beki mmoja ana kasi ndogo kuliko winga lakini akiba yake ni kubwa. Huyo anahitaji mbio ndefu za kupandisha kasi, hana haja ya kuongezewa mbio fupi.

Baada ya isha meneja akapiga: “Namba moja nani?”

Nikamtumia orodha nzima, kila jina na namba zake mbili.