Kanda za taarab ya kuachwa: kuzihamisha kwenye kompyuta kabla hazijafa

Kanda za taarab za Zein l'Abdin, fundi wa kupiga udi (ala ya nyuzi) mzaliwa wa Lamu, hazipatani na unyevu wa pwani. Kabla ya kucheza kanda, tazama kisponji kinachousukuma utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma sauti: kikibanduka, udi unasikika kama umefunikwa blanketi. Peleka utepe hadi mwisho kisha uurudishe, maana uliokaa miaka hunata.

Hedi isafishwe kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Marashi hapana, jamani.

Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), biti 24, kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Upande wa C60, kanda ya dakika 60, ni dakika 30, hakuna njia ya mkato. Mvumo wa utepe uache; ukiuchuja mno, kilio cha nyuzi nyembamba hupotea nao.