Hanoi na Bangkok: hesabu ya safari mbili kutoka Moshi

Sisi tunaofanya kazi za utalii hapa Moshi hupata likizo mvua za masika zinaponyesha, kwa kuwa Aprili na Mei wageni wa kupanda mlima hupungua na ofisi nyingi hubaki na mtu mmoja wa kupokea simu. Ndiyo sababu safari zangu mbili za Asia nimezifanya mwezi Mei: Vietnam mwaka 2024 na Thailand mwaka 2025, kila moja kwa usiku kumi, na zote mbili nilikwenda na mdogo wangu, ambaye tulichangia chumba nusu kwa nusu. Kazini mimi ndiye ninayepiga hesabu za bei za safari za wageni, na mazoea hayo niliondoka nayo. Kila usiku kabla ya kulala niliandika kwenye daftari kila shilingi iliyotoka mfukoni, hata ile ya maji ya kunywa. Tangu nirudi nimeulizwa mara nyingi ni nchi ipi iliyo nafuu kwa mtu anayetoka huku kwetu, na wanaouliza huwa wameshajijibu kwamba ni Vietnam. Daftari langu linasema vingine, na ningependa kueleza kwa nini.

Nianze na pale ambapo wanaoitaja Vietnam wana haki. Mei 2024 fedha ya Vietnam, dong, ilikuwa rahisi kwetu kuliko kwa mgeni wa nchi nyingine yoyote niliyekutana naye njiani, kwa sababu ukikata sifuri moja unapata shilingi yetu, kwa tofauti ndogo isiyoumiza. Wageni wengine walikuwa wakitoa simu kupiga hesabu, lakini mimi na mdogo wangu tulisoma bei ukutani na kuielewa papo hapo. Bakuli la pho, ile supu ya tambi za mchele na nyama, lilikuwa dong 50,000, yaani shilingi 5,000. Chumba safi cha watu wawili katika mji mkongwe wa Hanoi, chenye kiyoyozi na kifungua kinywa, tulilipa dong 450,000 kwa usiku. Basi namba 86 kutoka uwanja wa ndege wa Noi Bai hadi mjini lilikuwa dong 45,000 kwa mtu, ilhali dereva mmoja aliyetudaka mlangoni, kabla hatujaliona basi lenyewe, alitaka 600,000 kwa teksi na akasisitiza kwamba mabasi yamekwisha kwa siku hiyo. Ilikuwa saa nane mchana.

Urahisi huo wa sifuri moja una hatari yake, nayo nilikutana nayo siku ya pili. Mama mmoja alikuwa akiuza juisi ya miwa pembeni mwa barabara, kwa mashine ya magurudumu kama zile za hapa kwetu, akitupia na ndimu ndogo katikati ya miwa kabla ya kuikamua. Glasi ilikuwa dong 15,000. Nikampa noti ya buluu ya 20,000 na kusubiri chenji. Aliitazama, akatikisa kichwa, akatoa kwenye kopo lake noti nyingine ya buluu, akazilaza zote mbili juu ya kiti cha plastiki na kunionyesha sifuri kwa kidole, moja baada ya nyingine. Yangu ilikuwa ya 500,000. Noti hizo ni za plastiki, zote ni za buluu, na kwenye mwanga wa jioni mtu mgeni hawezi kuzitofautisha kwa haraka. Angenyamaza, ningekuwa nimenunua juisi moja kwa shilingi 50,000 na nisingejua hadi usiku nitakapofungua daftari. Kuanzia hapo noti za 500,000 niliziweka pamoja na pasipoti, mbali na nyingine.

Bangkok, mwaka uliofuata, baht moja, yaani fedha ya Thailand, ilikuwa karibu shilingi 81, na kila kitu cha mkononi kilipanda. Sahani ya wali na nyama iliyokaangwa kwa majani ya mrehani, kwa mama lishe wa kichochoroni, ilikuwa baht 60, sawa na shilingi 4,900, kwa hiyo hapo hapakuwa na tofauti kubwa; lakini chumba cha kiwango kilekile cha Hanoi kilikuwa baht 900, ambazo ni shilingi 73,000. Kwa wastani nilikula kwa shilingi 25,000 kwa siku Vietnam na 32,000 Thailand. Mtu akiishia hapo, Vietnam imeshinda.

Gharama iliyogeuza hesabu ni ile ambayo watu huilipa kabla hawajaonja chochote. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Hanoi, kupitia Doha, ilinigharimu shilingi 2,860,000. Ile ya Bangkok, kupitia Addis Ababa, ilikuwa 2,450,000. Bangkok ni kituo kikubwa mno cha safari za anga, mashirika mengi yanagombania abiria wake, na mashindano hayo yanamnufaisha hata anayetokea uwanja mdogo kama wetu. Nilijaribu pia hesabu ya kuondokea Nairobi, kama wengi wa Arusha wanavyofanya kwa sababu mpaka wa Namanga ni karibu, na ni kweli kwamba tiketi ilikuwa chini kwa dola 90 hivi. Lakini nilipojumlisha nauli ya basi la kwenda na kurudi, teksi za Nairobi na usiku mmoja wa kulala huko ili nisiikose ndege ya alfajiri, nafuu yote iliyeyuka. Kwa anayeishi Arusha na mwenye ndugu wa kumlaza Nairobi, hesabu yaweza kuwa tofauti.

Viza nayo ina mambo yake. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya kielektroniki kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90, kwa dola 25 ukiingia mara moja na dola 50 ukitaka kuingia zaidi ya mara moja. Niliomba nikiwa mezani kwangu, nikapakia picha na ukurasa wa pasipoti, nikalipa, na shughuli ikaishia hapo: shilingi 65,000. Viza ya Thailand pia tangu Januari 2025 inaombwa kwa intaneti, lakini wanataka taarifa ya benki, tiketi iliyokwisha kulipiwa na uthibitisho wa malazi, kwa hiyo unatoa fedha zako kwanza ndipo unangoja kuambiwa kama umekubaliwa. Ada pamoja na karatasi za benki zilinifikisha shilingi 140,000. Kuanzia Mei 2025 kuna pia fomu ya kielektroniki ya kuingilia, ambayo hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure kabisa, hivyo usimlipe mtu yeyote anayejitolea kukujazia. Tena Thailand inamtaka anayetoka Tanzania aonyeshe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unapitia kwanza dawati la afya kabla ya uhamiaji. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Mwenye kadi ya zamani asidanganywe kuchoma tena, kwa sababu tangu mwaka 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote.

Sasa niseme kuhusu viingilio, jambo ambalo lilinigusa kuliko mengine kwa sababu ya kazi yangu. Hekalu la Fasihi la Hanoi, lililojengwa mwaka 1070, ambamo majina ya wasomi wa zamani yamechongwa kwenye mawe yaliyobebwa na kasa wa mawe, ni dong 70,000, yaani shilingi 7,000. Safari ya mtumbwi ya Trang An, inayochukua karibu saa tatu katikati ya milima ya chokaa na kupita ndani ya mapango, ni dong 250,000. Bangkok, kwa siku moja, tuliingia Kasri Kuu kwa baht 500, Wat Pho kwa 300 na Wat Arun kwa 200, na jioni nikaandika shilingi 81,000 kwa viingilio pekee. Kwenye Kasri Kuu raia wa Thailand wanaingia bure, na mdogo wangu alilalamika foleni nzima kwamba tunaonewa. Sikuweza kuungana naye. Mimi ndiye ninayemwandikia mgeni ankara ya dola 70 kwa siku, kabla ya kodi, kwa ajili ya hifadhi ya Kilimanjaro, huku Mtanzania akilipa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na kwa miaka yote nimewaeleza wageni kwamba ni haki mwenye nchi asizuiwe na bei kuuona mlima wake. Kusimama upande wa pili wa dirisha na kulipa bei ya mgeni kulinifanya niamini zaidi maneno ninayoyasema kazini. Lakini pia nilielewa, kwa mara ya kwanza, kwa nini wageni huuliza fedha hizo zinafanya nini, na sasa nawajibu kwa uvumilivu zaidi.

Kilichoimaliza nafuu ya Vietnam ni urefu wake. Nchi hiyo imenyooka. Reli ya kutoka Hanoi hadi jiji la Ho Chi Minh ina kilomita 1,726, na kila anayeitembelea anataka kuona kaskazini na kati, na wengine na kusini pia. Sisi tulichukua treni ya usiku hadi Da Nang, katikati ya nchi, kitanda dong 1,000,000, tukakaa mji jirani wa Hoi An siku tatu, kisha tukarudi Hanoi kwa ndege kwa dong 1,300,000 ili tuwahi tiketi yetu. Halafu kulikuwa na ghuba ya Ha Long, ambako kulala usiku mmoja kwenye boti kulinitoka dong 3,100,000. Siijutii asubuhi ile: maji yalikuwa ya kijani na yametulia kabisa, na visiwa vya mawe vilitokea katika ukungu kimoja baada ya kingine. Lakini ni shilingi 310,000, zaidi ya chakula changu cha siku zote kumi.

Thailand inamruhusu mtu kutulia. Bangkok ina treni za juu, ambazo nauli zake hupanda kwa umbali kuanzia baht 17, na boti za mto Chao Phraya zenye bendera ya rangi ya chungwa zilikuwa baht 16, shilingi 1,300, sawasawa na kupanda daladala mara mbili. Bajaji zao ni za kupendeza machoni, lakini kwa mgeni zinaanzia baht 200 na sikuona sababu. Tulikwenda Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, kwa treni ya kulala na kurudi vilevile, karibu baht 1,000 kila safari, na usiku mbili za chumba tukaziokoa humo. Hasara ya kijinga niliyoipata huko ni ya ATM: mashine za Thailand zilikuwa zikikata baht 220 kila mara kadi ya kigeni inapotoa fedha, hata ukitoa kiasi kidogo, na nilitoa mara tatu. Hizo ni shilingi 53,000 zilizopotea. Vietnam nilikuwa nimebeba dola taslimu, ambazo mwaka 2024 zilikuwa adimu mno hapa Moshi na nilizikusanya kidogo kidogo kwa wiki tano. Mwaka 2025 nikaona kero hiyo haina haja, na nikailipia.

Nilipojumlisha yote, matumizi ya ndani ya nchi kwa mtu mmoja yalikuwa shilingi 1,094,000 Vietnam na 1,061,000 Thailand, kana kwamba niliishi katika nchi zenye bei moja. Ukiongeza tiketi na viza, Vietnam ilifika shilingi 4,019,000 na Thailand 3,651,000.

Hata hivyo, nimeichukua kalamu na kuipanga upya safari ya Vietnam kama ningebaki kaskazini tu, bila Da Nang na bila kulala kwenye boti, nikiongeza usiku mbili za chumba cha Hanoi. Matumizi yanashuka hadi karibu shilingi 590,000, na safari nzima inakuwa 3,515,000, chini ya Thailand licha ya tiketi yake ghali. Mtu akienda hivyo, aepuke tarehe 30 Aprili na 1 Mei, ambazo ni sikukuu mfululizo Vietnam na treni hujaa. Na anayekwenda Thailand akumbuke kwamba mwaka wao mpya, Songkran, huwa tarehe 13 hadi 15 Aprili, na vyumba hupanda bei. Likizo zetu za masika zinagongana na vyote viwili. Kuondoka baada ya wiki ya kwanza ya Mei kunatosha kukwepa.

Kwa hiyo Mei ijayo, tukijaliwa, nitarudi Hanoi na kubaki huko. Kuna sababu moja ambayo haimo kwenye hesabu. Baba yangu ana kihamba cha kahawa Kibosho, na tangu utotoni nimeichuma, nimeimenya na kuianika, lakini nyumbani tulikunywa chai. Kule Hanoi, kila kona, watu wa nchi inayolima kahawa wamekaa kwenye viti vifupi vya plastiki wakiinywa kahawa yao wenyewe, inayodondoka taratibu kutoka kichujio cha bati hadi kwenye maziwa mazito, kwa dong 30,000. Nilimletea baba kichujio kimoja. Anakitumia kila asubuhi, na ameniagiza kingine cha jirani.