Nyungunyungu wangu na makumbi ya pwani

"Anza na makumbi ya nazi, ndiyo godoro lao." Aliniambia hivyo jamaa mmoja barazani nilipotaka kufuga nyungunyungu wanitengenezee mboji, mtu ambaye tangu nihamie hapa sijamwona na jembe mkononi. Nikamwamini. Shangazi yangu anapiga makumbi, kwake yamejaa tele, na mie vya bure sivikatai.

Nyungunyungu wenyewe niliwapata kwenye mavi ya ng'ombe ya jirani. Msichimbe kondeni. Wale wanene wa rangi ya udongo wamezoea chini. Mimi niliwatia ndooni, usiku wakatoroka, asubuhi mke wangu akawakuta wamekauka ukumbini. Ukelele alioupiga, acheni tu. Tafuteni wale wembamba wekundu wanaokaa juu juu. Jioni tandika gunia bichi juu ya samadi iliyopoa, alfajiri lifunue, utawazoa kwa mikono.

Basi nikatoboa beseni, nikatandika makumbi ya shangazi, nikamwagia maji, nikawatia. Haikupita saa, wote wanapanda ukingoni, wanajinyonganyonga. Mie nikaona wamefurahi! Nikaita watu waje kutazama. Kesho yake wamelegea, wanatoa ute, beseni linanuka kama diko la samaki saa saba mchana. Nikalaumu joto, nikamlaumu hata jirani na ng'ombe wake. Siku ya tatu mwanangu wa darasa la pili akachovya kidole beseni, akakitia mdomoni (watoto hawa!), akasema: "Baba, chumvi."

Nilitaka ardhi inimeze. Makumbi ya kamba hufukiwa pwani miezi na miezi, maji yanajaa na kupwa juu yake mpaka yalainike. Nimekulia pwani ya Pemba, nimecheza juu ya mashimo hayo! Na kiumbe anayepumua kwa ngozi, nikamlaza kwenye chumvi. Nilikuwa natia achari.

Shangazi alicheka mpaka akaweka chini gongo lake. "Mwanangu, hayo ya kusokota kamba. Ya kulimia si unaokota chini ya mnazi?"

Mara ya pili nikaokota chini ya mnazi, nikayachanachana kwa panga, nikayaroweka maji ya mvua, nikachanganya na majani makavu ya mgomba na samadi ya wiki tatu. Mbichi inachemka, itawapika. Ukikamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu, basi.

Sisimizi walinisumbua kidogo. Beseni sasa liko juu ya meza mbovu, kila mguu umesimama kwenye kopo la maji lenye tone la oili chafu ya pikipiki, mbu nao wasizaliane humo. Hili nimelibuni mwenyewe na najisifu nalo. Kula wanakula maganda ya ndizi, papai, majani ya chai. Ndimu, wali wa nazi na papa wa chumvi, hapana.

Kwenye mwezi wa tatu au wa nne hivi nikavuna. Nilimwaga kila kitu kwenye turubai mchana, nikafanya kichuguu. Mwanga hawaupendi, wanazama. Unakwangua mboji ya juu, unangoja kidogo, unakwangua tena, mwisho unabaki na fundo la nyungunyungu watupu. Gharama yote haikufika elfu ishirini, nyingi ni ya beseni.

Juzi yule jamaa wa barazani alikuja na ndoo, anaomba mbolea ya tungule za mkewe. Nimemtilia nusu. Nusu ya pili nimemwambia akajazie makumbi.