Kuitikia kwa Pamoja si Kuzungumza

Pita nje ya darasa la Gredi ya 3 hapa Kisumu wakati wa Kiingereza, utasikia sauti moja kubwa: "We are fine, thank you, teacher!" Mchukue mmoja wao umuulize jambo ambalo hakulikariri, ataangalia viatu vyake. Kipindi ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 60, kila mmoja asimame kwa zamu, hata mwalimu asiposema neno, ni nusu dakika kwa mtoto.

Basi waongee wawili wawili, papo hapo kwenye dawati. Ila ukiwaambia tu "zungumzeni", watarudia Dholuo au Kiswahili, na huwezi kuwalaumu: kuna haja gani ya kumuuliza mwenzako jambo unalolijua? Mpe kila mmoja habari ambayo mwenzake hana. Kata kadi kutoka kwa katoni kuukuu. Kwenye kila kadi chora bidhaa zile zile nne za soko la Kibuye: omena, nyanya, ndizi, maembe. Kadi ya kwanza iwe na bei ya omena na nyanya, ya pili iwe na bei ya ndizi na maembe. Mtoto anauliza, "How much are the bananas?" kisha anaandika bei anayoambiwa. Onyesha kwanza na mtoto mmoja mbele ya darasa, halafu wape dakika nne. Dawati likiwa na watatu, wa tatu awe mwamuzi.

Zoezi hili huharibika kadi zikilazwa juu ya dawati. Mtoto anachungulia, ananakili, mdomo haufunguki. Kadi zishikwe kifuani.

Kelele zitakuwepo, mwarifu mapema mwalimu wa darasa jirani.

Usimkatize anayeongea. Zunguka na daftari, nukuu makosa mawili matatu, uyaandike ubaoni mwishoni bila kutaja jina. Dholuo haina sauti ya "sh", ndiyo maana "fish" hutoka "fis". Anza na masikio: ukisema "sip" wainue mkono wa kushoto, "ship" wa kulia. Wakishatofautisha, wasukume midomo mbele na kuvuta ulimi nyuma kidogo, kama mtu anayenyamazisha wenzake. Dakika mbili zinatosha, ila kila siku.

Na wale wanyamavu? Waache wamwambie jirani jibu kwanza, ndipo uwaite. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumrukia mwingine aliyeinua mkono.